Kiharusi: maswali tunayoulizwa kila wiki Dodoma, na majibu yake

Maswali haya yamekusanywa kwenye mabenchi ya kliniki ya presha, misibani, baada ya ibada na ndani ya bajaji. Yanarudi yaleyale, iwe Nkuhungu au Mvumi, Kizota au Bahi. Ninayeandika si daktari. Nilimuuguza mama yangu miaka minne baada ya kiharusi, na tangu hapo nazungukia nyumba zenye wagonjwa, mara nyingine nikiongozana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Dozi za mgonjwa wako ni za daktari wako. Lakini mengi yanayoua au kulemaza huamuliwa nyumbani, kabla daktari hajamwona mtu, na hayo ndiyo nimeyaandika hapa.

## Kuufahamu ugonjwa

1. Kiharusi ni nini hasa?

Ni ubongo kukosa damu. Mshipa unaolisha sehemu ya ubongo umeziba kwa bonge la damu, au umepasuka na damu inavujia ndani ya kichwa. Sehemu iliyokosa damu huanza kufa ndani ya dakika chache, na kazi yake inasimama: mkono, mguu, maneno, macho, kumeza. Upande wa kushoto wa ubongo unaendesha mkono na mguu wa kulia, na wa kulia unaendesha wa kushoto. Ndiyo maana mtu ameumia kichwani lakini macho yetu yanaona mgonjwa wa mkono.

Mtaani tunasema "amepararaizi". Kupooza ni matokeo tu. Wapo wenye kiharusi ambao viungo vyote vinafanya kazi ila wamepotewa na maneno, au wanaona nusu ya sahani.

2. Si upepo mbaya? Si mtu katupiwa kitu?

Anayeuliza hivi simlaumu, kwa sababu kiharusi kinakuja jinsi kisa cha uchawi kinavyosimuliwa: ghafla, upande mmoja, kwa mtu aliyekuwa mzima dakika tano zilizopita. Mama yangu alikuwa anapepeta mtama uani. Ungo ukateleza mkono wa kulia, punje zikamwagika, naye akabaki anautazama mkono kama si wake. Mjomba akasema ni upepo. Tukampeleka kwa mtu kijiji cha pili, akachanjwa, akapakwa dawa, akarudishwa. Tulipofika hospitali ilikuwa siku ya tatu, na daktari aliyempima presha aliisoma mara mbili kwa kutoamini. Presha ile haikuanza siku ya ungo. Ilikuwepo miaka, bila mtu kuipima.

Kama familia yenu inaamini maombi, ombeni. Maombi yanasikika hata ndani ya gari linaloelekea hospitali.

3. Si ugonjwa wa wazee na matajiri?

Umri unaongeza hatari, lakini kinawapata hata watu wa miaka 30 na 40. Duniani inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya wanne waliofikisha miaka 25 atapata kiharusi katika maisha yake.

Kuhusu mjini na shamba, utafiti uliofanyika Hai, wilaya ya vijijini mkoani Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 unanifikirisha sana. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, na Dar wapatao 316. Watu ni wa nchi moja. Maisha ndiyo tofauti. Dodoma tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016 inabadilika mbele ya macho yetu: tunakaa zaidi, tunapanda bodaboda kwenda mahali tulikokuwa tunakwenda kwa miguu, chipsi ziko kila kona. Ndiyo maana nasema tusisubiri takwimu zetu wenyewe.

## Dalili na saa za mwanzo

4. Nitakitambuaje?

Shika maneno manne: uso, mkono, maneno, muda.

Uso: mwambie atabasamu au aonyeshe meno. Upande mmoja wa mdomo unashuka? Mkono: mwambie ainue mikono yote miwili mbele, afumbe macho. Mmoja unateremka wenyewe? Maneno: mwambie aseme, "Leo nimekula ugali wa uwele na mlenda." Anaburuza ulimi, anachanganya maneno, au anakutazama tu bila kuelewa? Muda: hata moja kati ya hayo likitokea ghafla, safari ya hospitali imeanza.

Ongeza kupoteza uwezo wa kuona ghafla, kuyumba kama mlevi bila kulewa, na maumivu makali mno ya kichwa ambayo mtu hajawahi kuyapata. Maumivu si lazima. Viharusi vingi haviumi kabisa, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, wakimwambia mgonjwa ajilaze kidogo apumzike.

5. Ametuangukia sasa hivi. Tufanye nini, tusifanye nini?

Tazama saa, uiandike, hata kwenye kiganja. Saa inayotakiwa ni ile aliyoonekana mzima mara ya mwisho, na hospitali wataiuliza kabla ya jina la ukoo.

Mlaze kwa ubavu kama amelegea au anatapika, legeza nguo shingoni, toa meno ya bandia. Kusanya dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na kadi ya kliniki. Kama ana kisukari, sema mapema mlangoni, kwa sababu sukari ikishuka sana inaiga kiharusi, na kipimo chake ni tone la damu tu.

Usimpe chochote mdomoni: maji, chai, uji, maziwa, hata dawa. Koo linaweza kuwa limepooza na kitu kikaingia mapafuni. Usimpe aspirini uliyosikia kwamba inasaidia, kwa sababu kwa macho hujui kama mshipa umeziba au umepasuka, na uliopasuka utavuja zaidi. Usimwongezee vidonge vya presha ili "ishuke haraka". Ubongo uliokosa damu unahitaji msukumo, na presha ikiporomoshwa ghafla unakosa hata kidogo kilichokuwa kinafika. Kutoboa vidole kwa sindano hakusaidii. Kumwagia maji hakusaidii.

6. Tumpeleke wapi?

Kwa walio mjini, hospitali kubwa mbili ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wengi tunaiita General, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo jirani na UDOM. Benjamin Mkapa ina CT scan na MRI, mashine za kupiga picha ya ndani ya kichwa. Kinachotafutwa ni mahali penye CT scan, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kama ni damu iliyoziba au iliyovuja. Ukiwa na mtu unayemfahamu hospitalini, mpigie njiani uulize mashine inafanya kazi wapi leo.

Walio Kondoa, Mpwapwa, Kongwa au Manyoni waanzie hospitali ya wilaya. Kutoka Kondoa hadi mjini ni kilomita zipatazo 160, na mgonjwa anayetapika au asiyepumua vizuri asisafirishwe umbali huo akiwa amelala kiti cha nyuma cha gari la kukodi. Wilayani watapima sukari na presha, watalinda njia ya hewa, wataandika rufaa na kutafuta gari la wagonjwa. Msikubali neno "asubuhi" bila kupewa sababu ya kitabibu.

Namba 115 watu huipiga kwa kila jambo, lakini ni ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Kwa kiharusi, kaeni na namba ya dereva jirani mnayemwamini, mtu atakayeamka saa 8 usiku. Iandikeni ukutani leo.

7. Tunaambiwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu ni ghali na haipo kila mahali. Sasa tunakimbilia nini?

Dawa ipo, na kweli haipatikani kila hospitali. Kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Nafafanua kwa sababu kwa Kiswahili tunachanganya: dalili zikianza saa 1 asubuhi, mlango unafungwa saa 5 na nusu asubuhi hiyohiyo. Na si saa 4 na nusu ya ukutani.

Lakini hata bila dawa hiyo kuna mengi ya kuwahi. Aliyevuja damu anaweza kuhitaji upasuaji. Aliyeziba, CT scan ikishathibitisha, huanzishiwa aspirini, na hiyo ni ya bei ndogo. Kumeza kunapimwa kabla hajalishwa. Sukari, homa na oksijeni vinasimamiwa. Wapo wengi wasiouawa na bonge lenyewe. Wanauawa siku na wiki zinazofuata na nimonia ya chakula kilichoingia mapafuni, au na damu iliyoganda mguuni. Nimeona nyumba mbili jirani, wagonjwa wawili wa umri mmoja. Mmoja alifikishwa ndani ya saa mbili, mwingine alikaa nyumbani siku nne akinyweshwa uji akiwa amelala. Wa pili tulimzika. Siwezi kuapa kwamba uji ndio uliomuua, lakini kifua chake kilikuwa kinakoroma tangu siku ya pili.

8. Mkono ulikufa ganzi, mdomo ukapinda, baada ya dakika kumi vyote vikarudi. Tushukuru Mungu tuendelee?

Shukuruni mkiwa njiani. Hicho ni kiharusi cha kupita: mshipa uliziba kisha ukafunguka. Ni onyo la kiharusi kikubwa, na hatari kubwa zaidi iko ndani ya siku mbili zinazofuata. Nenda siku hiyohiyo, hata kama unatembea vizuri na unaona aibu kukaa foleni ya dharura.

9. Ameamka nacho asubuhi, hatujui kilianza lini.

Saa inahesabiwa kuanzia alipoonekana mzima mara ya mwisho, tuseme alipoaga kwenda kulala saa 3 usiku. Hata hivyo nendeni kwa kasi ileile. Sababu ziko swali la 7.

## Kinga

10. Presha yangu inatakiwa iwe ngapi? Mbona sijisikii kuumwa?

Ikisomwa 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, ni presha ya kupanda, na ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kiharusi. Haina dalili. Kichwa kinaweza kisiume hata siku moja. Kusubiri kuisikia ndiyo kosa la mama yangu na la wengi ninaowatembelea.

Upimaji nao una adabu yake. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya sweta. Ukitoka kubanana kwenye daladala ukapimwa umesimama, namba hiyo haisemi kweli.

11. Presha imeshuka, nimekaa vizuri miezi mitatu. Niache dawa?

Imeshuka kwa sababu unameza dawa. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nikilijibu vibaya mtu anaweza kulipia kwa mguu wake. Dawa ya presha haifanyi kama ya malaria, unayomaliza dozi ukapona. Inafanya kama paa: mvua haikunyeshei kwa sababu paa lipo, na huliezui kwa kuwa umekaa mkavu mwezi mzima.

Watu huacha kwa sababu za kweli, kwa hiyo tuziseme. Amlodipine inaweza kuvimbisha miguu. Captopril na enalapril zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Wanaume wengine wanaona nguvu zimepungua chumbani, hawamwambii mtu, wanaacha kimyakimya. Yote yana njia: dawa zipo za aina nyingi, daktari anabadilisha. Mwambie, hata kwa kunong'ona.

Wengine wanaacha kwa sababu zahanati imeishiwa. Hapo andika jina la dawa na kiasi chake kwenye karatasi, uweke kwenye pochi. Rangi ya kidonge haitoshi. Viwanda vinatofautiana, na nimekuta bibi amemeza vidonge vyeupe vya kitu kingine kabisa kwa wiki mbili.

12. Chakula chetu ni cha asili, ugali wa mtama na mlenda. Tatizo liko wapi?

Mtama, uwele, mlenda, karanga na maboga ni chakula kizuri, shikeni hivyohivyo. Tatizo ni mkono unaotia chumvi, na magadi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo ndani kuna ya mkate, ya dagaa wakavu na ya kiungo cha supu. Magadi tunayotia kwenye mlenda si chumvi ya mezani, lakini yana sodiamu ileile inayopandisha presha. Mama mmoja wa Chamwino alinionyesha kipande anachotumia, kikubwa kama kidole gumba, kwa sufuria la watu wanne. Tulikubaliana akigawe nusu, na baada ya wiki tatu akigawe tena. Ulimi unazoea polepole. Ukikata kwa siku moja, watoto watasusa na wewe utarudi nyuma.

Wengine wanalaumu maji ya kisima. Ni kweli yapo maeneo yetu ambayo maji yana chumvi ulimini. Anza na kijiko kilicho mkononi mwako.

13. Kitunguu saumu, mlonge, maji ya ndimu?

Kula, ni vyakula. Usibadilishane navyo dawa. Na mwambie daktari kila unachokunywa, hasa vya chupa visivyo na maandishi.

14. Mengine ya kuangalia?

Kisukari, kipimwe. Sigara na ugoro, viachwe. Pombe, iwe ya mtama au mvinyo wa zabibu zetu, ipunguzwe sana au iachwe. Mapigo ya moyo yanayokwenda ovyo, yachunguzwe, maana moyo unaweza kutengeneza bonge likasafiri hadi kichwani. Tembea kwa haraka nusu saa siku nyingi za wiki. Kulima na kuchota maji vinahesabika.

## Kurudi nyumbani

15. Ameruhusiwa lakini hawezi kujigeuza. Tuanzie wapi?

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na kila mara mtazame makalio, visigino na nyonga. Wekundu usiofifia ukiubonyeza ni mwanzo wa kidonda, na kidonda cha mgandamizo kinaweza kukaa miezi. Shuka liwe kavu, halina mikunjo. Mkono uliolegea uwekewe mto.

Msimvute kwa mkono mgonjwa. Kamwe. Bega lililopooza linashikiliwa na ngozi na mishipa tu. Ukivuta linatoka, na maumivu yake yatamfanya akatae mazoezi yote. Mshikeni kwenye nyonga au mgongoni.

16. Anakohoa akila. Ni kawaida?

Si kawaida, ni dalili kwamba chakula kinapotea njia. Mkalishe wima kabisa, kidevu kishuke kidogo, kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo kifuate kingine. Angalia shavu la upande uliolegea, chakula hujificha humo. Abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Watu wanashangaa nikisema chai na maji ndivyo vigumu zaidi kumeza. Uji mzito unashuka taratibu na koo linapata muda. Sauti ikiwa kama ina majimaji baada ya kula, au homa ikija, mrudisheni hospitali. Kama ana mpira wa kulishia puani, msiutoe wenyewe kwa kumhurumia.

17. Tunamkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Tuendelee?

Mguso wa mikono una heri yake, na mgonjwa anahisi anapendwa. Moto ndio tatizo. Ngozi iliyopoteza hisia haisemi "inaunguza". Nimeona malengelenge ya kitambaa cha maji ya moto kwenye mguu ambao mwenyewe hakuhisi chochote. Tumieni maji ya vuguvugu, mjaribu kwa kiwiko chenu kwanza, na mafuta ya kawaida. Na mjue kwamba kukanda peke yake hakufundishi ubongo kutembea. Kinachofundisha ni mgonjwa mwenyewe kujaribu. Tazama swali la 18.

18. Mtaalamu wa mazoezi yuko mjini, nauli ya kila siku hatuna. Tufanyeje?

Nendeni mara chache, mkajifunze, mkafanye nyumbani kila siku. Mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia awaonyeshe nyinyi, na mmoja arekodi kwa simu. Ubongo unaweza kujifunza upya kwa kurudia kitu kilekile mara nyingi, na marudio hayo yanapatikana uani kuliko kliniki.

Kwa mama tulichimbia miti minane chini ya mwarobaini, minne huku, minne huku, tukafunga fito mbili ndefu juu yake usawa wa nyonga zake, tukazisugua kwa msasa zisimchome. Mwanzo alisimama tu kati ya fito, akihesabu hadi kumi. Baadaye hatua mbili. Majirani wakipita barabarani walikuwa wanamwuliza, "Leo ngapi?" naye anaonyesha kwa vidole vya mkono mzima.

Kukaa na kusimama kutoka kitini, mara kumi, asubuhi na jioni, ni zoezi bora kuliko linavyoonekana. Mkono upewe kazi ya kweli: kubambua karanga, kukunja kitenge, kuokota punje, kufunga kifungo. Hata kama mkono mzima unaweza kumaliza haraka, uache mkono mgonjwa nao ujaribu. Na mmoja wenu asimame upande uliolegea, ndiko atakakoangukia.

19. Choo chetu ni cha kuchuchumaa.

Chukueni kiti imara cha mbao, fundi seremala akate tundu katikati, kiwekwe juu ya shimo. Ongezeni mti wa kushikilia ukutani upande wake mzima. Usiku wekeni ndoo ndani ya kiti hichohicho, chumbani. Wengi huanguka usiku wakijaribu kutomsumbua mtu.

20. Mzee hasemi Kiswahili tena, anasema Kigogo tu. Amechanganyikiwa akili?

Hapana. Kiharusi kinaweza kugusa lugha bila kugusa akili, na kwa mtu wa lugha mbili moja inaweza kurudi kabla ya nyingine. Zungumzeni naye kwa ile iliyorudi. Mjukuu asiyeijua ajifunze maneno kumi, itamfaa maisha yote.

Wengine hawasemi chochote, lakini salamu, sala na nyimbo zimebaki, kwa sababu vitu tulivyovisema maelfu ya mara vinahifadhiwa kwa njia yake. Neno la kwanza la mama lilikuwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, alipoingia mgeni, wiki ya tano. Alishindwa kuomba maji, lakini aliimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani.

Zimeni redio, kaeni mbele yake, sentensi fupi, swali la ndiyo au hapana. Mpeni muda wa kujibu, hata nusu dakika. Msimmalizie kila neno, na msimsemee kwa wageni kana kwamba hayupo.

21. Analia bila sababu, au amekuwa mkali. Zamani hakuwa hivi.

Mambo mawili yanachanganywa. Kuna kulia au kucheka kunakotoka ghafla na kuisha ghafla, hata moyoni hakuna huzuni. Hiyo ni breki ya ubongo iliyolegea. Badilisheni mazungumzo, itapita. Kuna na sonona, ambayo humpata takriban mmoja kati ya watatu: hataki kula, hapati usingizi, hataki mazoezi, anasema ni mzigo. Hiyo inatibika kwa dawa na mazungumzo. Mwelezeni daktari, na msiseme ni ukaidi. Akitaja kufa, asiachwe peke yake, na mwelezeni daktari siku hiyohiyo.

22. Atapona kabisa? Baada ya muda gani?

Hakuna anayeweza kukuahidi. Nafuu ya haraka zaidi huonekana miezi mitatu ya kwanza, inaendelea hadi sita, kisha inakwenda polepole kwa miaka. Mguu mara nyingi hurudi kabla ya mkono. Anayesema "miezi sita imepita, basi" anakosea. Mama alijifunza kushika kijiko kwa mkono mgonjwa mwaka wa pili.

Kiharusi hurudi. Takriban kimoja kati ya vinne ni cha mtu aliyewahi kupata. Kwa hiyo dawa za presha, na aspirini au za lehemu (mafuta kwenye damu) kama daktari ameandika, ndizo zoezi la kwanza kila asubuhi. Swali la 11 linamhusu yeye kuliko mtu yeyote.

23. Ni mimi peke yangu ninayemuuguza. Nimechoka mpaka nachukia.

Kuchoka si dhambi. Kazi hii huangukia binti mmoja au mkamwana, wengine wakipiga simu kuuliza "Anaendeleaje?" Itisheni kikao, muandike zamu kwenye karatasi, yenye majina na siku. Walio mbali watume nauli, pampasi, au hela ya kumlipa mtu siku mbili kwa wiki. Na wewe upimwe presha siku unayompeleka yeye.

24. Gharama je?

Kama mna bima, ulizeni dirisha la bima kuhusu CT scan na mazoezi kabla hamjalipa. Sera yetu ya afya inawasamehe gharama wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, mkiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, msisubiri siku ya kuruhusiwa.

## Hali zisizo za kawaida

25. Mdomo umepinda lakini mkono na mguu ni vizima.

Inaweza kuwa mshipa wa fahamu wa uso tu. Hapo mara nyingi hata paji la uso halikunjiki na jicho halifumbi, wakati kwenye kiharusi paji kwa kawaida hubaki linakunjika. Lakini msiamue nyumbani. Nendeni kama swali la 5 linavyosema.

26. Mtoto anaweza kupata?

Ndiyo, hasa mwenye selimundu. Mtoto wa selimundu aliyeanza ghafla kuburuza mguu au kudondosha kalamu ni dharura. Dawa ya hydroxyurea hupunguza hatari. Ulizeni kliniki yake.

27. Mjamzito?

Presha ya ujauzito inaweza kuleta kiharusi, hata wiki chache baada ya kujifungua. Kichwa kuuma sana, kuona nyota, kuvimba uso: kituoni leo. Hapa 115 ndiyo namba yake. Na aliyewahi kuwa na presha asianze vidonge vya uzazi wa mpango bila kupimwa, kwa sababu baadhi vinaongeza hatari.

28. Naweza kufunga Ramadhani au Kwaresima?

Miezi ya mwanzo baada ya kiharusi, wengi hawashauriwi. Baadaye inategemea dawa: za mara moja kwa siku zinaweza kuhamishiwa daku au futari, za mara tatu ni shida, na mwenye kisukari wa sindano ana hatari yake. Mwone daktari wiki mbili kabla. Dini zetu zina ruhusa kwa mgonjwa, na shehe au mchungaji wako atakwambia hivyo.

29. Nirudi lini kuendesha bodaboda?

Baada ya daktari kupima macho, mwitiko na nguvu za mikono, kamwe si ndani ya wiki za kwanza. Aliyepoteza kuona upande mmoja mara nyingi hajui kwamba hauoni. Mwambie ndugu asimame kando yako, ainue kidole taratibu kutoka nyuma ya sikio, kila upande kwa zamu. Kama upande mmoja unakiona mapema na mwingine unakishtukia kikiwa mbele ya pua, funguo akabidhiwe mtu mwingine.

30. Na tendo la ndoa?

Watu huuliza hili wakiwa wameshasimama mlangoni. Kwa wengi, hali ikishatulia na presha ikiwa imedhibitiwa, si hatari. Anayeweza kupanda ngazi chache bila kuhema sana kwa kawaida anaweza. Tafuteni mkao usiobana upande uliolegea, mto chini ya bega, na asubuhi ambapo uchovu haujaingia. Dawa za kuongeza nguvu zisinunuliwe dukani kienyeji, kwani baadhi hazipatani na dawa za moyo na huporomosha presha.